Kicheko Kilichoingia Redioni

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya traverse mbili, yale magogo ya reli, kwenye kona moja ya mtaa wa Katuba, Lubumbashi, mbele ya meza ya Mama Chola anayeuza kahawa. Magogo yamekaa karibu na katikati, kwa hiyo ncha zote mbili za ubao zinaelea hewani, na anayekaa ncha ya kushoto hainuki kabla ya kusema "naamka" na kuwapa wenzake nafasi ya kushika vikombe na kusogea. Ncha hiyo nimepewa mimi. Nilikuwa mpima ardhi, wananiita Mètre, yaani Mita, na wanaamini kwamba mtu aliyeishi kwa vipimo hawezi kusahau uzito wake mwenyewe. Upande wa kulia hukaa watatu: Donat, aliyefunga breki za treni mpaka alipostaafu, tunamwita Frein, yaani Breki; Aristote, fundi wa redio, tunayemwita Antenne; na mwishoni kabisa Mwila, tunayemwita Ministre, ingawa katika wizara hajawahi kupita mstari wa watu wanaongoja mlangoni.

Asubuhi ile hakuna aliyetulia. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Donat alikuwa akitikisa goti, na ubao mzima ukitikisika naye. Binti yake Exaucée alikuja, akasimama, akatazama simu, akaondoka, akarudi. Kwenye redio anakofanya kazi ya majaribio walikuwa wamemwambia akae nyumbani mpaka mkurugenzi wa vipindi aamue kama atabaki au atatoka, na siku ya kuamua ilikuwa ile ile. Simu yake ilipoanza kuishiwa chaji, akaenda kutafuta nyumba yenye jenereta.

— Frein, funga hiyo goti, Antenne akamwambia. Kaawa iko namwangika.

— Goti haiko na breki, Donat akajibu.

Niseme kwanza jinsi binti huyu alivyofika redioni, maana benchi lilikuwa limemtabiria njia nyingine. Alisomea Lettres, yaani fasihi, kule chuo kikuu, Kasapa. Mémoire yake, ile tasnifu ya mwisho, ilihusu nyimbo ambazo akina mama wa Pweto, kwenye ziwa Mweru, huimba wanapokausha samaki, na siku aliyoitetea Ministre alitaka kujua ni nani katika mji wa shaba atakayenunua wimbo wa samaki. Antenne alimwahidi kiti kidogo kando ya kibanda chake, auze vocha za simu. Exaucée aliwashukuru wote wawili, akaenda kusoma matangazo ya vifo kwenye redio ya parokia. Alisoma kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, kisha, bila kuagizwa na mtu, kwa lugha ya nyumbani kwa marehemu, ambayo aliwaomba wafiwa wamfundishe pale pale mlangoni. Aligundua kwamba ni katika hiyo ya tatu ndipo watu huacha kuosha vyombo.

Redio kubwa ya mjini ikamsikia, ikamchukua kwa majaribio, ikampa kipindi ambamo kila juma jamii moja ya Lubumbashi inajisikiliza yenyewe: Wagiriki wa maduka ya zamani, Wahindi, Basanga, Bakasai, Bahemba, hata Wachina wa migodini, ambao alikaa nao jikoni mpaka wakasahau kwamba ana kinasa sauti. Kisha likafika juma la watu wa ziwa Mweru. Katika kipindi hicho aliweka nyimbo za samaki, na mwishoni akaweka mazishi ya mke wangu.

Brigitte alizaliwa Pweto, katika ukoo wa Mbuzi. Watani wa ukoo wa Mbuzi ni ukoo wa Chui. Kwetu tunawaita banungwe. Munungwe ana kazi yake kwenye kilio. Anavaa nguo za marehemu, anajilaza njiani jeneza lisipite, anamtukana marehemu pamoja na ndugu zake wote, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Munungwe wa Brigitte ni Mama Chileshe wa mtaa wa nyuma. Alijilaza kwenye lango letu akiwa amevaa kitenge cha Brigitte cha Krismasi, akasema yote aliyokuwa nayo. Exaucée aliniomba ruhusa ya kunasa sauti, nikampa.

Kosa lake lilikuwa hili moja: hakueleza kitu. Kwa mtoto wa Katuba, munungwe haelezwi, kama vile jogoo haelezwi. Basi wimbo wa samaki ulipokwisha, mji mzima ukasikia sauti ya mwanamke mzee ikiwaambia watu fulani: "Murudie kwenu. Tumechoka na nyinyi. Mulimaliza samaki, sasa munataka kumaliza udongo. Mu iyi muji hamuna kwenu, hata ya kaburi."

Mjini kwetu maneno hayo si mapya. Kulikuwa na miaka ambapo yalisemwa bila jeneza na bila kitenge, na watu wakaondoka wakiwa na magodoro kichwani. Kipindi hakijaisha, simu za redio zilikuwa zinalia. Mkurugenzi akazuia marudio ya Jumapili, akamzuia na Exaucée.

Sikuwa nimekisikiliza kipindi chenyewe. Siku ile niliizima redio wimbo ulipoanza.

Tukirudi kwenye benchi: Donat hakuweza kungoja kimya, na wenzake hawakumwacha angoje kimya. Ministre ndiye aliyeanza. Alisema kwamba matusi hayakuwa sababu hata kidogo. Mwenye redio, alivyoambiwa na mtu aliyemsikia mtu, anataka kugombea ubunge, na ili apite anahitaji kura za watu wa ziwa; kwa hiyo amepanga kumfukuza Exaucée leo, kisha kumrudisha mwezi wa uchaguzi kwa ngoma na misa. Alisema yote hayo kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma taarifa ya serikali, na alipomaliza akapuliza kahawa ambayo ilikwisha kupoa.

Antenne alimwacha amalize. Kisha akasema kwamba siasa ni ya watu wasiojua mawimbi. Yeye, aliyefungua redio nyingi kuliko vyungu alivyofungua Mama Chola, anajua kwamba mji huu umekaa juu ya shaba, na shaba inavuta. Maneno mepesi yanapita juu, yanafika salama. Maneno mazito yanavutwa chini kabla ya kumaliza safari, kwa hiyo msikilizaji wa mbali anapata nusu. Ile nusu ya kicheko ilibaki ardhini, karibu na mtaa wa Kamalondo. Ile ya matusi ikafika.

— Sasa ku Pweto balipata nini? Ministre akauliza.

— Ku Pweto hakuna shaba. Balipata paka kicheko, kicheko tu.

Donat akasema wote wawili wanapoteza muda, na goti likazidi. Yeye alikuwa amefikiri usiku kucha na alikuwa amepata jibu, nalo lilikuwa la kinasa sauti chenyewe.

— Tulitoka ku makaburi, kila mutu alinawa mikono, akasema. Ile micro, nani aliinawisha?

Antenne alimweleza, kwa heshima ya fundi, kwamba kinasa sauti kikinawishwa kinakufa.

— Basi njo vile. Haikunawa, iko nauwa kazi ya mutoto.

Mama Chola, ambaye kwa kawaida hachangii, aliuliza kama mtu anaweza kuinawisha kwa moshi. Wakalijadili hilo. Niliona kwamba Donat hakuwa akitania. Alikuwa ameleta chupa ndogo ya maji ya baraka katika mfuko wa koti, na mara kwa mara aliigusa ili ajue kama bado ipo. Alikuwa amemsomesha binti huyo kwa pensheni ya reli inayofika inapotaka, na wenzake wa zamani walikuwa wanamwuliza kila Jumapili mlangoni mwa kanisa kama kweli ile sauti ni ya mtoto wake. Alikuwa amezoea kuulizwa.

Wakati huo alikuja mwanamke mmoja wa umri wa kati, mwenye viatu vya chini na mkoba wa bega, akaomba kahawa. Donat akasogea.

— Madame, ikala hapa katikati. Ku ncha benchi haiko nakubali bageni.

Akaketi kati yake na mimi, akashika kikombe kwa mikono miwili. Ministre, alipoona msikilizaji mpya, alianza upya na akaongeza. Sasa mkosaji alikuwa mkurugenzi wa vipindi. Alisema kwamba mama huyo alichaguliwa kwa mtihani: waliwaketisha watu kumi chumbani, wakawaletea mchekeshaji kutoka Kinshasa, na aliyebaki bila kucheka ndiye aliyepewa ofisi. Antenne akathibitisha kwamba ndiyo sababu redio ile haina vichekesho tangu alipofika. Ministre akasema hata mumewe akimwona anakuja hukunja uso kwanza ili afanane naye. Yule mgeni alimwuliza kama amewahi kumwona.

— Kumwona ni kitu kidogo, Ministre akasema. Miye ninamujua.

Ndipo Exaucée aliporudi na simu mkononi, akafika mbele ya benchi, akasimama wima.

— Bonjour, Madame Wivine.

Ministre alichungulia ndani ya kikombe chake kana kwamba ameona inzi. Goti la Donat lilisimama, kisha likaanza tena.

Madame Wivine aliitikia salamu, akamwambia Exaucée kwamba hakutaka kuamua kwa simu. Kisha akatugeukia sisi. Alisema Kiswahili chetu, kile cha hapa hapa, bila kukitafuta.

— Nilizalikiwa mu hii muji, ku mutaa ya Kenya, akasema. Baba yangu alikuwa wa Kasai, alitumika hapa miaka yote. Nilikuwa mutoto siku balitupandisha mu train. Yale maneno ya ule mama niliyasikia paka vile vile. Murudie kwenu. Na bale benye balikuwa banatusema balikuwa banacheka. Baba aliwauliza, banamujibu: mzee, tuko nacheza.

Donat, aliyefanya kazi ya treni miaka ile, aliangalia viatu vyake.

Akaendelea. Hakuwa anakataa mila ya mtu, akasema; hata kwao kuna watani. Exaucée alikuwa amemweleza habari ya banungwe, na yeye alikuwa ameelewa kila neno. Lakini waliopiga simu nao walikuwa na vitu walivyovielewa, na wengine walikuwa wanalia. Ili aweze kuwajibu, alimwuliza Exaucée swali moja tu. Exaucée akakataa kujibu. Alimwambia kwamba afadhali aondoke.

— Njo maana nilikuya, akasema. Pengine nyinyi mutanijibu.

Akatoa simu yake, akaiweka juu ya ubao, kati ya vikombe, akawasha kile kipande cha mwisho cha kipindi.

Nilisikia lango letu. Linakwaruza kwa chini upande wa bawaba. Nimelisikia miaka mingi. Nikasikia Mama Chileshe akikohoa, akijitengeneza chini, akianza. Murudie kwenu. Watu wa Pweto, samaki, udongo, kaburi. Sauti yake ilikuwa kali kuliko nilivyokumbuka. Nilielewa kwa nini simu zililia. Kisha akaacha ukoo mzima akamgeukia marehemu peke yake, akiita karibu na mbao za jeneza:

— Brigitte, amka. Uko naenda wapi? Ile shimo haiyapimwa.

Na hapo mwanamume mmoja akacheka. Kicheko kifupi, cha pumzi moja, kilichokatika katikati kama kamba.

Madame Wivine alisimamisha simu.

— Mwenye kutukana akicheka, ile ninaijua tangu utoto. Bale benye kutukanwa, ba mu train, njo balikuwa hawacheki. Kwa hiyo ninauliza paka hii: uyu mwenye anacheka, ni nani?

Swali lilikuwa jepesi, na kila mtu kwenye benchi alikuwa na jibu. Wote walikuwepo langoni. Ministre alitazama meza ya Mama Chola. Antenne alichukua kikombe changu badala ya chake, akanywa. Mama Chola akaanza kupanga sukari ambayo ilikuwa imepangwa. Tangu siku ya mazishi hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuligusa jambo lile mbele yangu, na hawa ni watu wanaoweza kujadili kwa asubuhi nzima jinsi ya kukinawisha kinasa sauti kwa moshi.

Donat alifungua mdomo. Mtoto wake, kazi yake, Jumapili zake mlangoni mwa kanisa: vyote vilikuwa kwenye jina moja, nalo analijua tangu tuliposoma shule ya msingi. Alinitazama, akaufunga.

— Madame, nilikuambia, Exaucée akasema. Alinipa ruhusa ya kunasa kilio. Kile kicheko hakunipa. Haiko yangu ya kutoa.

— Basi unajua nitafanya nini, Madame Wivine akasema, bila ukali.

— Ninajua.

Niliinuka. Sikuwa na mpango. Nilijua tu kwamba siwezi kuendelea kuketi kando ya simu ile. Nikainuka bila kusema "naamka".

Ncha yangu ikapaa. Madame Wivine, aliyekuwa katikati juu ya magogo, alibaki na kikombe chake. Donat alimwangukia Antenne, Antenne akamwangukia Ministre, na Ministre, aliyekuwa mwishoni kabisa, akafika chini kwanza. Kahawa yote ilimwagika. Alikaa pale vumbini, miguu imenyooka mbele, kikombe kitupu bado ameshika juu, na kwa ile ile sauti ya taarifa akasema:

— Serikali imeanguka.

Nikacheka. Kilitoka chenyewe, kifupi, cha pumzi moja, kikakatika.

Madame Wivine alitazama simu iliyokuwa imeteleza mpaka kwenye magogo, kisha akanitazama mimi. Hakuuliza tena nani alicheka.

— Papa, akasema, ule mwenye alikuwa mu sanduku ni nani yako?

— Bibi yangu wa ndoa.

Aliinama, akaokota simu, akaifuta vumbi kwa kiganja. Alisema kwamba kipindi kingeweza kurudiwa Jumapili, chote, na Exaucée kubaki, kama kabla ya lile lango kusikika watu wataambiwa banungwe ni nani na mwenye kucheka ni nani, na waambiwe na mwenyewe kwa sauti yake. Kama mwenyewe hataki, hatamlaumu. Hata yeye kuna mambo ya ile train ambayo hajawahi kuyasema kwenye redio yoyote. Lakini bila hiyo hana la kuwajibu wale waliopiga simu.

— Papa Mètre, Exaucée akaniambia, usifanye juu ya kazi yangu.

Donat alikuwa amesimama, anajipangusa suruali mahali ambapo hapakuwa na vumbi. Ile chupa ya maji ya baraka ilikuwa imepasuka mfukoni, na koti lake lilikuwa linadondoka polepole.

Niliomba kahawa nyingine ili nipate la kufanya. Mama Chola aliinua thermos, akaitikisa, akaigeuza juu ya kikombe. Likatoka tone.

Tukaurudisha ubao mahali pake. Niliketi kwenye ncha ya kushoto, wakaketi na wao, Ministre akishikilia traverse kwa mkono mmoja. Exaucée alichuchumaa mbele yangu na kinasa sauti, akakiangalia, akakisogeza kidogo mbali na mdomo wangu. Mikono yake haikutulia mpaka alipobonyeza. Baada ya hapo ilitulia kabisa, na nikaona kwamba hiyo ndiyo kazi yake.

— Sema jina kwanza, Papa. Polepole.

Nikasema jina langu na kazi niliyoifanya. Nikasema kwamba marehemu alikuwa mke wangu, Brigitte, na kwamba kila nilipoweka kipande cha karatasi chini ya mguu wa meza ili isimame sawa, alikuwa akiniambia mbele ya wageni kwamba siku yake ikifika nitaenda kupima hata shimo. Alimwambia kila mtu. Alimwambia na munungwe wake. Basi Mama Chileshe alipoyasema yale pale langoni, niliyasikia kwa sauti ya Brigitte. Na mimi nilikuwa nimetoka makaburini asubuhi ile ile, na mita ilikuwa bado mfukoni.

Ubao haukutikisika. Goti la Donat lilikuwa limesimama.

— Na ile shimo ilikuwa sawa? Madame Wivine akauliza.

— Upande wa kichwa ulikuwa umezama kidogo, nikasema. Niliusawazisha.